Kauli na Tendo katika Utafiti wa Utamaduni wa Polisi, 1949–1999

Dhana ya utamaduni wa polisi hutumiwa mara nyingi kueleza kwa nini askari hukiuka sheria aliyoapa kuilinda. Makala haya yanadai kuwa dhana hiyo ilijengwa zaidi juu ya kauli za askari kuliko matendo yao.

Miongoni mwa tafiti za mwanzo ni ule wa William Westley wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekusanya data katika mji wa Gary, Indiana, kati ya 1949 na 1950. Aliwauliza askari 73 ni wakati gani wanaona ni halali kumtendea mtu kwa nguvu. Jibu lililoongoza, kwa asilimia 37, lilikuwa mtu anapowavunjia polisi heshima. Mwaka 1966 Jerome Skolnick aliihusisha haiba ya askari na mazingira ya kazi yake: hatari, mamlaka na shinikizo la kuonesha matokeo.

Mwaka huohuo Albert Reiss alibadili njia ya utafiti. Aliwatuma waangalizi wafuatane na askari wa doria huko Boston, Chicago na Washington. Waangalizi hao walisikia kauli nyingi za chuki dhidi ya watu weusi. Hata hivyo, walioathiriwa na matumizi ya nguvu kupita kiasi walikuwa hasa watu wa tabaka la chini, weusi kwa weupe. Kauli pekee haikutosha kutabiri tendo.

Mwaka 1999, nchini Uingereza, P. A. J. Waddington alidai kuwa mazungumzo ya kantini humsaidia askari kuihimili kazi yake, wala si lazima yaongoze mwenendo wake mtaani. Lakini mwaka huohuo ripoti ya Macpherson kuhusu mauaji ya kijana Stephen Lawrence, yaliyotokea London mwaka 1993, ilibainisha ubaguzi wa kitaasisi: chombo kizima kinaweza kushindwa kuwahudumia watu kwa sababu ya rangi yao, hata pasipo askari kutamka neno la chuki.

Kwa hiyo, ukali wa kauli hauthibitishi tendo, na upole wake hauondoi madhara. Mtafiti anayeishia kwenye mazungumzo ya askari humtwisha askari wa doria lawama yote, ilhali sheria, amri na taratibu zinazomwongoza hubaki bila kuhojiwa.