Sahihi ya 2012: Reli ya Mombasa na Mabishano ya Sifa

Reli ya kwanza kutoka Mombasa, ambayo Waingereza walianza kuitandika mwaka 1896 na kuifikisha kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi Desemba 1901, ilizua ugomvi mkali wa kisiasa tangu siku zake za mwanzo. Ugomvi huo, hata hivyo, ulikuwa wa Bunge la London, ambako wapinzani kama Henry Labouchere waliikejeli serikali ya Lord Salisbury kwa gharama iliyopanda kutoka makadirio ya pauni milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Waliopitiwa na reli katika mashamba na malisho yao hawakuwa na kura, kwa hiyo hapakuwa na mwanasiasa aliyehitaji kuwashawishi kwamba reli ile ilikuwa zawadi yake.

Mambo yalikuwa tofauti kabisa zamu ya reli ya pili ilipofika. Reli ya mkoloni ilijengwa kwa geji ya mita moja, geji ikiwa ni upana kati ya chuma kimoja na kingine, na iliendeshwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na kipande chake. Ukodishaji wa mwaka 2006, ulioikabidhi kampuni ya Rift Valley Railways njia za Kenya na Uganda, haukuirudishia nguvu zake. Ndipo likaja wazo la reli ya geji ya kimataifa, yenye upana wa milimita 1,435, itakayotoka Mombasa hadi Kampala na kuendelea hadi Kigali.

Hati za mradi huo ni za zamani kuliko utawala unaohusishwa nao zaidi. Hati ya makubaliano na kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilitiwa sahihi Agosti 2009, wakati Kenya ilipokuwa chini ya serikali ya mseto, Mwai Kibaki akiwa Rais na Raila Odinga akiwa Waziri Mkuu. Kampuni hiyo ilikubali kufanya upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kubaini kama mradi unawezekana na una faida, bila malipo. Na mpimaji huyo huyo ndiye aliyepewa ujenzi kwa mikataba ya Julai na Oktoba 2012, pasipo zabuni ya ushindani. Ukarimu wa namna hiyo ulipaswa kutiliwa shaka mapema zaidi.

Uhuru Kenyatta, aliyeingia madarakani Aprili 2013, alizindua ujenzi mjini Mombasa mwezi Novemba mwaka huo. Muungano wa upinzani wa CORD ulioongozwa na Odinga ulipohoji bei na kukosekana kwa zabuni, serikali ilijibu kwamba mikataba ilitiwa sahihi Odinga mwenyewe akiwa serikalini. Naye akashikilia kwamba bei iliyozungumzwa wakati wa mseto ilikuwa ndogo. Mei 31, 2017, miezi miwili na ushei kabla ya uchaguzi mkuu, treni ya Madaraka Express ilipofunguliwa kati ya Miritini, Mombasa, na Syokimau, karibu na Nairobi, kwa nauli ya shilingi 700, pande hizo zilibadilishana nafasi: chama tawala cha Jubilee kikaihesabu reli ya shilingi bilioni 327 kuwa tunda la muhula wake, nao upinzani ukakumbusha kwamba mradi ulianzia katika serikali ya mseto. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na sahihi ile ile ya 2012 ilikuwa ya mwenzio gharama ilipoulizwa, na yako utepe ulipokatwa.

Ucheleweshaji haukupata mwenyewe hata mmoja. Kipande cha pili, chenye kilomita 120 kutoka Nairobi, kilifunguliwa Oktoba 2019 na kuishia Suswa, katika Kaunti ya Narok. Aprili mwaka huo Kenyatta alikwenda Beijing akifuatana na Odinga, ambaye baada ya maridhiano yao ya Machi 2018 alikuwa amekuwa mwakilishi wa Umoja wa Afrika wa masuala ya miundombinu. Hivyo mkosoaji wa zamani akawa kwenye msafara uliotarajiwa kupata mkopo wa kuifikisha reli Kisumu, na mkopo haukupatikana. Matokeo yake yanaonekana katika bandari kavu ya Naivasha, karibu na Mai Mahiu, ambako kontena la kwenda Malaba, kwenye mpaka wa Uganda, hunyanyuliwa kwa winchi kutoka behewa la geji pana na kuwekwa kwenye behewa la geji ya mita moja, ili liendelee na safari juu ya njia ile ile ya mkoloni.

Uganda nayo ilikuwa imeingia mkataba na kampuni nyingine ya Kichina mwaka 2015, lakini Benki ya Exim ya China ilisita kuukopesha upande wa Kampala kabla ya kuwa na uhakika kwamba reli ya Kenya ingefika mpakani. Nairobi ilikosa fedha za kufika Malaba, Kampala ikakosa fedha kwa sababu Nairobi haijafika, na kila serikali ikawa na jirani wa kumlaumu mbele ya wananchi wake.

Tanzania, iliyoachwa kando mwaka 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walipokuwa wakikutana peke yao, ilijenga reli yake ya umeme ya geji hiyo hiyo. John Magufuli aliweka jiwe la msingi Aprili 2017. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, kilichotarajiwa mwaka 2019, kilianza kubeba abiria Juni 2024, na Samia Suluhu Hassan akazindua safari hadi Dodoma Agosti 1 mwaka huo, zaidi ya miaka mitatu baada ya kifo cha mtangulizi wake.

Novemba 2022 serikali ya William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais reli ilipofunguliwa, ilitoa hadharani mikataba ya mkopo ambayo serikali iliyopita, yake na Kenyatta, ilikataa kuionyesha. Januari 2023 Uganda ilivunja mkataba wake na Wachina, na Oktoba 2024 ikatia sahihi na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi, ile ile iliyojenga kutoka Dar es Salaam, ili itandike kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, wakati reli ya Kenya ilikuwa bado haijavuka Suswa.