Msomaji na Mchaguzi wa Vitabu: Historia ya Usomaji Bariadi na Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, lakini usomaji katika eneo hilo la wakulima wa pamba na wafugaji ulianza zamani zaidi. Historia yake hueleweka vizuri pale inapochunguzwa ni nani, katika kila kipindi, aliyemjulisha msomaji wa mbali kwamba kitabu fulani kipo na kwamba kinafaa kusomwa.

Wakati wa ukoloni kazi hiyo, nje ya shule na misheni, ilifanywa kwa sehemu kubwa na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo lilichapisha vitabu na kuvisambaza vijijini kwa masanduku na kwa posta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda Huduma za Maktaba za Tanganyika, na uteuzi wa vitabu ukawa kazi ya wakutubi, yaani wataalamu wa maktaba.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na mradi wa kisomo chenye manufaa, ambao UNESCO na serikali waliuendesha katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza zikiwamo, kati ya mwaka 1968 na 1972. Kisomo cha aina hiyo kilifungamanisha herufi na kazi ya mwanafunzi, hivyo mkulima alijifunza kusoma kwa kitabu kilichoeleza kilimo bora cha pamba. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma, ilhali takwimu za serikali za mwaka 1986 zilionyesha kuwa waliobaki hivyo walikuwa mmoja hivi katika kila kumi. Mafanikio hayo yanastahili heshima kubwa. Hata hivyo vitabu viliendelea kuteuliwa juu na kushushwa kijijini, na maoni ya msomaji kuhusu alichokisoma hayakuwa na njia nyepesi ya kuwafikia wasomaji wenzake.

Njia hiyo ilifunguliwa na intaneti. Tovuti za vitabu kama Goodreads, iliyozinduliwa mwaka 2007, humruhusu msomaji kukipa kitabu nyota kuanzia moja hadi tano na kuandika maoni, kisha huonyesha wastani wa nyota zote. Wastani huo una thamani pale tu wapimaji wanapokuwa wengi. Nyota za watu wachache hazitoshi kukipima kitabu, na hapo mwenye busara husoma maoni yenyewe, huangalia sababu zilizotolewa, kisha huonja kurasa za mwanzo kabla ya kununua. Vitabu vya Kiswahili vingi vina wapimaji wachache mno katika tovuti hizo, kwa hiyo mwalimu wa Maswa au mwanafunzi wa Bariadi anayezitegemea huongozwa zaidi kwenye vitabu vya Kiingereza.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, imeongeza kipimo cha ndani, ingawa majaji wachache hawawezi kuvisemea vitabu vyote. Pengo lililobaki litazibwa na wasomaji wenyewe, kwa kuandika kwa Kiswahili, kwa hoja na kwa uaminifu, juu ya vitabu walivyovisoma, kwa kuwa jamii iliyochaguliwa vitabu kwa miongo mingi sasa ina uwezo wa kuwachagulia na wengine.