Gitaa Lililoachwa Mezani: Steve Hackett na Ubishi wa Albamu za Jukwaani

Katikati ya mwaka 1977, kundi la Genesis lilikuwa limejifungia katika studio ya Trident, London, likichambua kanda za maonyesho liliyoyafanya Paris, katika ukumbi wa Palais des Sports, mwezi Juni. Kazi hiyo huwachosha wanamuziki kuliko hata ziara yenyewe: kusikiliza usiku mmoja baada ya mwingine, kuchagua kibao kipi kilitoka vizuri siku gani, kupandisha kinanda, kushusha besi, hadi ipatikane albamu ya santuri mbili. Siku moja Phil Collins, aliyekuwa mwimbaji na mpiga dramu wao, alikuwa njiani kwenda studio alipomwona barabarani mpiga gitaa Steve Hackett. Akamkaribisha garini. Hackett akakataa, akasema atampigia simu baadaye. Collins alipofika studio akawakuta wenzake Mike Rutherford na Tony Banks wanayo habari tayari: Steve amejitoa.

Kisa hicho Collins amekisimulia mara nyingi tangu hapo. Albamu ile, Seconds Out, ilitoka Oktoba mwaka huohuo, ikapanda hadi nafasi ya 4 katika chati ya Uingereza. Watatu waliobaki wakaiita albamu iliyofuata And Then There Were Three. Mashabiki nao wakabaki na swali ambalo halijazeeka: je, gitaa la Seconds Out linasikika kwa mbali kwa sababu mwenyewe hakuwepo kwenye meza ya kuchanganyia sauti kulitetea?

Kwa haki, gitaa la Hackett halikuwa la makelele hata alipokuwepo. Kijana huyu wa Pimlico, London, aliyezaliwa Februari 1950, alijiunga na Genesis Januari 1971 baada ya kujitangaza katika gazeti la muziki la Melody Maker na kupigiwa simu na mwimbaji wa kundi, Peter Gabriel. Miaka ya mwanzo alicharaza akiwa amekaa kitini, ameinamia nyuzi, miwani usoni, kama mwanafunzi aliye kwenye chumba cha mtihani. Aliwashawishi wenzake wanunue Mellotron, kile kinanda kinachotoa sauti za vyombo vya nyuzi na kwaya kutoka kwenye kanda. Mtu anayelisihi kundi linunue chombo cha kulifunika gitaa lake mwenyewe hawezi kulalamika sana kwamba hasikiki. Lakini mashabiki wa roki ya progresivu hawatafuti haki. Wanatafuta ushahidi.

Na ushahidi wao ni albamu za jukwaani.

Muziki wa roki ya progresivu ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukaota mizizi kwa vibao vya dakika 10, 15, hata 20 na zaidi, vyenye kubadilisha mapigo kila baada ya muda. Studioni ungeweza kuvirekodi vipande vipande na kuviunganisha. Jukwaani hakuna gundi. Ndiyo maana albamu ya jukwaani, ambayo kwa makundi mengine ilikuwa zawadi ya Krismasi kwa mashabiki, kwa makundi haya ikawa hati ya kiapo: tunaweza kuupiga kweli. Yes walitoa santuri tatu kwa mpigo mwaka 1973 na kuziita Yessongs. Mwaka uliofuata Emerson, Lake & Palmer nao wakaja na tatu zao. Hakuna aliyewaambia kwamba mbili zingetosha.

King Crimson walikwenda njia mbili zinazopingana, na hapo ubishi ukapata kuni. Earthbound ya 1972 ilitokana na kaseti za kawaida zilizorekodiwa wakiwa ziarani Marekani. Sauti yake ni mbovu kiasi kwamba Atlantic, kampuni iliyowauza huko, ilikataa kuitoa. Halafu mwaka 1974 wakatoa Starless and Bible Black, iliyouzwa kama albamu ya studio, kumbe sehemu kubwa yake ilitoka jukwaani na makofi ya watazamaji yakafutwa. Moja ni ya jukwaani na hakuna anayetaka kuisikiliza. Nyingine ni ya jukwaani na hakuna aliyejua. Baada ya hapo, shabiki anayesema kwamba rekodi ya jukwaani ni picha ya ukweli ana kazi ya kujieleza.

Genesis wenyewe waliingia kwenye mchezo huu kwa mlango wa uani. Februari 1973 walirekodiwa Manchester na Leicester kwa ajili ya kipindi cha redio cha Marekani. Kanda zikawepo, na kundi lilikuwa halijamaliza albamu mpya. Kampuni yao, Charisma, ikaona pengo na ikalijaza: Genesis Live ikatoka Julai 1973 kwa bei ya chini, ikafika nafasi ya 9. Lilikuwa jambo la biashara tu. Leo kuna watu wazima wanaoisikiliza kwa unyenyekevu wa ibada.

Ziara iliyofuatia albamu ya The Lamb Lies Down on Broadway ndiyo iliyoacha jeraha. Jeraha lenyewe, kwa kweli, lilianza mkononi. Mwishoni mwa 1974, kabla ya ziara, Hackett aliibana glasi ya divai hadi ikapasuka, ikamkata mshipa wa kidole gumba. Maonyesho ya Uingereza yakaahirishwa na ziara ikaanzia Chicago, Novemba 20, mkono ukiwa umepona kwa shida. Hadi Mei 1975 Genesis waliipiga albamu nzima ya santuri mbili kila usiku, tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya wasikilizaji ambao wengi walikuwa hawajaisikia. Nyuma yao palikuwa na skrini tatu za picha za slaidi, na mwimbaji alibadilisha mavazi ya ajabu ajabu, mojawapo likiwa la madonda na mapuvu lililomziba mdomo asiifikie maikrofoni vizuri. Ziara ilipokwisha Gabriel akaaga. Hakuna filamu kamili ya onyesho hilo iliyowahi kutolewa.

Palikuwa na kanda, ya Januari 24, 1975, kutoka Shrine Auditorium, Los Angeles. Ilipotolewa rasmi mwaka 1998 katika sanduku la kumbukumbu za kundi, mashabiki walifurahi kwa muda mfupi sana. Gabriel alikuwa amerudi studioni katika miaka ya 1990 na kuimba upya sehemu nyingi. Hackett naye alikuwa amepachika upya baadhi ya sehemu za gitaa. Matokeo yake, mwimbaji wa umri wa karibu miaka 45 anaimba na vijana wenzake wa miaka 23 na 24, usiku mmoja, katika ukumbi mmoja, ambamo mmoja wao hakuwemo kwa namna ile. Wapo waliosema huo ni ughushi. Wapo waliouliza: kama vazi lilimziba mdomo mwaka 1975, kuna ubaya gani kuusikia wimbo mara moja katika maisha? Wa kwanza wana hoja ya kumbukumbu, wa pili wana hoja ya masikio. Hoja ya kumbukumbu ndiyo nzito zaidi, kwa sababu moja rahisi: santuri ya studio ilikuwepo tayari kwa yeyote aliyetaka kusikia maneno.

Kinyume chake kilitokea mwaka 1982, na ndani yake mna ngoma za Burundi. Julai mwaka huo Gabriel alikuwa mmoja wa walioanzisha tamasha la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, ambako wapiga ngoma wa Burundi walikuwa miongoni mwa waliotikisa jukwaa. Muziki ulikuwa mtamu, hesabu zikawa chungu. Tamasha likaacha deni kubwa. Ili kumsaidia mwenzao wa zamani alilipe, Genesis wakakubali kupiga naye onyesho moja, Oktoba 2, 1982, Milton Keynes, chini ya mvua. Hackett akapanda jukwaani mwishoni, wakapiga pamoja vibao viwili. Hawajawahi kurudia tena mbele ya umma wote watano. Na onyesho hilo halina albamu rasmi hata leo: lililobaki ni kanda zilizorekodiwa kwa siri na watazamaji, sauti ikiyumba, watu wakipiga kelele karibu na maikrofoni. Hazina wimbo uliopachikwa hata mmoja. Wale wanaodai ukweli mtupu wameupata, na wachache sana huusikiliza zaidi ya mara mbili.

Hackett aliendelea peke yake kwa miaka mingi bila haraka ya kutoa rekodi za jukwaani. Ya kwanza chini ya jina lake, Time Lapse, ilisubiri hadi 1992. Mgeuko ulikuja Desemba 1996. Alikwenda Tokyo na kikosi kilichowachanganya John Wetton na Ian McDonald, wote waliopitia King Crimson, pamoja na Chester Thompson, yuleyule aliyepiga dramu katika Seconds Out. Walipiga vibao vya zamani vya Genesis pamoja na vya wageni wenyewe. The Tokyo Tapes, iliyotokana na safari hiyo, ilionyesha jambo ambalo Hackett hakulisahau: wenzake walikuwa wamekwenda kwenye nyimbo fupi za redio, na ule urithi mrefu wa miaka ya 1970 ulikuwa umeachwa bila mlinzi.

Akauchukua. Tangu ziara ya 2013, kila baada ya mwaka mmoja au miwili imetoka rekodi mpya: Hammersmith, Royal Albert Hall, Liverpool, Birmingham, Royal Festival Hall pamoja na okestra, Hammersmith tena, Manchester, Brighton. Kikosi kimekuwa karibu kilekile: Roger King kwenye kinanda, Rob Townsend na saksafoni yake, Nad Sylvan akiimba, na baadaye Jonas Reingold kwenye besi na Craig Blundell kwenye dramu.

Hapo ndipo mashabiki wanapogawanyika, na si kwa upole. Upande mmoja unasema wembe ni uleule: mtu anaombwa anunue wimbo wa zamani wa Genesis, Firth of Fifth, kwa mara ya ngapi? Wengine wanamshika Sylvan, kwamba si Gabriel wala si Collins, kana kwamba yeye mwenyewe hajui. Saksafoni ya Townsend nayo ina kesi yake, kwa kuwa huingia mahali ambapo santuri ya zamani ilikuwa na kinanda au haikuwa na kitu kabisa. Wakali zaidi husema kundi lolote linalopiga nyimbo za kundi jingine ni bendi ya kupiga kopi, hata kama mwenye gitaa ndiye aliyezirekodi.

Hoja ya mwisho ni dhaifu. Anayepiga solo aliyoirekodi mwenyewe mwaka 1973 hapigi kopi. Hoja ya wingi ndiyo inayouma, lakini nayo ina maelezo ya mkate wa kila siku: mauzo ya albamu yameporomoka tangu muziki uhamie intaneti, na mwanamuziki mkongwe huishi kwa tiketi za ukumbini na kwa wanunuzi waaminifu wanaotaka kitu cha kushika mkononi. Onyesho limeshalipiwa, vifaa vya kurekodi viko palepale. Afanyeje?

Halafu ikaja Septemba 2021. Genesis, baada ya miaka mingi ya ukimya, walianza ziara yao ya mwisho Birmingham tarehe 20. Collins, kwa sababu ya afya, aliimba akiwa amekaa kitini, na mwanawe Nic akapiga dramu. Hackett hakuwemo. Wiki hiyohiyo, tarehe 24, yeye alikuwa Manchester na kikosi chake akirekodiwa akiipiga Seconds Out yote, kibao kwa kibao. Yule aliyeiacha albamu mezani miaka 44 nyuma alikuwa amerudi kuimalizia, na safari hii amesimama huku Collins amekaa. Rekodi ilitoka 2022. Gitaa linasikika barabara.

Toleo lililowasha ubishi mpya lilitoka Julai 2025, Hackett akiwa na miaka 75: The Lamb Stands Up, lililorekodiwa Royal Albert Hall Oktoba 2024, miaka 50 baada ya albamu ya The Lamb. Hakuipiga yote, alichagua vibao kadhaa akavichanganya na kazi zake binafsi. Ray Wilson, aliyeimba na Genesis mwishoni mwa miaka ya 1990, alikaribishwa jukwaani, na Steve Rothery wa kundi la Marillion akaja na gitaa lake. Walioitamani albamu nzima wakanung'unika. Mwaka huohuo Genesis wakatoa sanduku lao la miaka 50, na ndani yake kanda ya Los Angeles ikarudi tena sokoni. Kwa hiyo shabiki wa mwaka 2025 aliwekewa mezani The Lamb mbili za jukwaani: ya vijana iliyotiwa viraka, na ya mzee isiyokamilika.

Kati ya hizo mbili, ya mzee ndiyo ya kununua. Mapungufu yake yanaonekana kwa macho, na hakuna aliyerudi studioni miaka mingi baadaye kuiimba upya. Ila mwenye santuri ya Seconds Out asiitupe. Aiweke upande wa pili, wimbo wa kwanza, Firth of Fifth, ambao hapo unaanza bila ule utangulizi wa piano. Asubiri solo ya gitaa. Kisha aweke ya Manchester na afikie uamuzi mwenyewe kama mtu alishushwa.