Aliyekaa Nyuma

Mwezi wa nne, Shosho alikosa kliniki ya sukari kwa mara ya pili. Si kwamba hakukuwa na gari. Land Rover ya marehemu Guka ilikuwa pale uani, imewashwa, Anko yuko kwenye usukani. Shosho alisimama mlangoni na leso yake, akaitazama, akarudi jikoni. "Hiyo itanimaliza mgongo," alisema.

Kwetu ni Kinangop. Kutoka nyumbani hadi lami ni mawe, na mvua ikinyesha ni mawe na matope. Boda haimfai mtu wa miaka 83. Kwa hivyo niliporudi kutoka Nairobi wikendi ile nilikuwa na swali moja tu: mbona gari hili linapiga hivi, na je, linaweza kutulizwa? Nilidhani ni swali la fundi. Kumbe nusu yake ni ya historia.

Tuanzie chini ya gari. Series III ya Guka, ile ndefu ya inchi 109, haina springi zilizojipinda kama za godoro. Ina vyuma bapa vilivyolaliana, kirefu juu na vifupi chini yake. Hilo ni wazo la enzi za farasi. Mwaka 1804, Obadiah Elliott wa London alipata hataza ya springi za vyuma bapa kwa magari ya kukokotwa na farasi. Wakati huo zilikuwa starehe ya abiria.

Land Rover yenyewe ilikuja kwa sababu nyingine. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na alikuwa akilihudumia kwa Jeep ya Willys iliyobaki vitani. Akataka kutengeneza yake. Ikaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Lilikuwa gari la shamba. Springi zake zilipangiwa mzigo, na gunia halilalamiki.

Lakini huku kwetu lilibeba watu. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Land Rover ikawa gari la polisi na la wakubwa wa wilaya. Kuanzia 1954, familia nyingi za Murang'a, Nyeri na Kiambu zilihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyolindwa kwa mitaro. Shosho alikuwa msichana wa miaka 12 pale Murang'a. Alitusimulia mara moja tu, tena kwa kifupi: yeye na mamake walipakiwa nyuma, juu ya boksi la gurudumu, na mamake alimshika kiunoni njia nzima asirushwe nje.

Kama umewahi kukaa pale, unajua. Aliye mbele yuko katikati ya ekseli mbili, shimo linamfikia likiwa limepungua. Aliye nyuma amekalia ekseli yenyewe.

Kampuni ilijua jinsi ya kulainisha. Mwaka 1970 ilitoa Range Rover, kazi ya Spen King na wenzake, yenye springi za koili zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Lakini Land Rover ya kawaida, ile ya mkulima na ya polisi, ilingoja hadi 1983 ndipo One Ten ikaja na koili. Miaka 13. Na si wao tu: pikapu ya Land Cruiser 79 hadi leo bado ina vyuma bapa nyuma. Sababu ni nzuri, mzigo. Lakini ukikaa nyuma, wewe nawe unahesabiwa mzigo.

Jumatatu nikapeleka gari kwa fundi. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikajifanya najua. Nikamwambia atoe vyuma viwili kila upande wa nyuma, springi ziwe laini.

"Ukitoa utaskia poa wiki moja," akasema. "Alafu viazi za anko wako zinakata ile chuma kubwa. Na hapo hakuna wa kwenda hosi."

Ni kweli, gari hilo ndilo linalopeleka viazi sokoni, na viazi ndivyo vinalipia dawa. Zipo springi nyingine za kisasa, zenye vyuma viwili au vitatu vinene katikati na vyembamba kwenye ncha, ambavyo havisuguani njia nzima. Nilipoambiwa bei, nikanyamaza.

Fundi akalala chini na tochi. "Hizi zimeshikana," akasema. Kutu ilikuwa imeviunganisha vyuma vyote, havitelezi tena. Springi nzima imekuwa nondo moja. Tukazifungua, tukasugua kutu kwa brashi ya waya, tukapaka grisi kila chuma. Bushi zilikuwa zimekwisha, tukaweka mpya, na akakataa kukaza boliti hadi gari lishushwe chini likae kwa uzito wake. Ukikaza likiwa juu, raba inabaki imejinyonga. Shokomzoba za nyuma hazikuwa na mafuta hata tone, tukabadilisha. Kisha akapunguza upepo wa matairi ya nyuma, maana Anko hujaza ya mzigo hata gari likiwa tupu.

"Na usiende tupu," akaniambia. "Weka gunia mbili nyuma. Hii springi inataka kazi ndio itulie."

Alhamisi tukapakia magunia mawili ya viazi. Nikafungua mlango wa abiria, Shosho akapita akaelekea nyuma. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Guka alinunua gari hili kuukuu mwaka 1979, miaka mingi baada ya kupata shamba Kinangop, na sikumbuki siku hata moja nikimwona Shosho mbele. Mbele alikaa Guka, mgeni, mwalimu, pasta. Sisi watoto na Shosho tulikuwa nyuma na mitungi ya maziwa. Mimi nilikuwa nimesoma hadi hataza ya 1804 na sikuwahi kuuliza hilo.

"Shosho, ni huku," nikasema.

Alichukua muda kupanda. Nikamwekea blanketi mgongoni. Yale mawe ya kwanza alishika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipofika daraja la mbao alikuwa ameachilia mmoja. Gari bado linapiga, sitakudanganya. Ila karibu na lami aligeuka akatazama nyuma kupitia kioo.

"Hivyo viazi ni vya nani?"

"Vyetu. Ni vya kutuliza gari."

"Basi tuviuze Naivasha," akasema. "Havirudi bure."