Namna ya kufuatilia vyombo vya filamu na televisheni kwa programu

Kazi ya filamu na televisheni inatumia vyombo vingi: kamera, lenzi, mikro, taa, stendi, nyaya, betri na kadi za kumbukumbu. Asubuhi vinatoka ghalani, mchana vinapita mikononi mwa watu wengi, jioni vinarudi vikiwa vimechanganyika. Kamera ikipotea, inajulikana siku ile ile. Kadi ikipotea, inajulikana siku inapohitajika, wakati hakuna tena anayekumbuka nani aliishika mwisho.

Sisi tuliona jambo hilo katika kikundi cha vijana waliopiga picha za video. Kadi moja ilikosekana, na kijana mmoja akashukiwa kwa majuma mengi. Baadaye ilionekana ndani ya mfuko wa stendi. Kadi ilirudi, lakini yule kijana hakurudi. Ndiyo maana tunaeleza hapa namna wenye kazi hii wanavyotunza vyombo vyao.

Programu inafanya nini

Programu ya kufuatilia mali ni daftari la ghala lililo ndani ya kompyuta au simu. Kila chombo kina ukurasa wake: jina, namba ya kiwandani, picha, bei, tarehe ya kununuliwa, hali yake na mahali kilipo. Chombo kikitoka, jina la aliyekichukua linaandikwa pamoja na siku ya kukirudisha. Vyombo vinavyotembea pamoja, kama kamera na lenzi zake, vinaweza kuwekwa kama sanduku moja. Chombo kikiwekwa akiba kwa ajili ya siku fulani, programu inazuia kisiahidiwe vikundi viwili.

Kuna programu za namna nyingi. Snipe-IT ni ya bure kwa anayeweza kuiweka kwenye seva yake mwenyewe. Cheqroom ni ya kulipia, na inatumiwa sana na watu wa kamera na sauti.

Vibandiko

Msimbo wa mistari ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, jimbo la Ohio, Marekani, juu ya pakiti ya chingamu. Msimbo wa QR ulitengenezwa Japani mwaka 1994 ili kufuatilia vipuri vya magari. Huo unasomwa na kamera ya simu, hata kama sehemu yake imekwaruzika kidogo; kwa hiyo unafaa kwa vyombo vinavyobebwa njiani. Vibandiko vya redio vinasomwa vingi kwa mara moja bila kufungua sanduku, lakini vina gharama zaidi, na chuma kinaweza kuvisumbua.

Faida njiani

Kikundi kinachovuka mipaka kinaulizwa orodha ya vyombo. Katika nchi zinazoikubali, hati ya forodha iitwayo ATA inaruhusu vyombo viingie kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa kawaida hadi mwaka mmoja. Inadai jina la kila chombo, uzito na thamani yake. Aliye na programu anatoa orodha hiyo upesi.

Ni vivyo hivyo kwa ndege. Betri za lithiamu za akiba hazikubaliwi katika mizigo inayowekwa chini, zinabebwa mkononi. Zile zinazozidi saa-wati 100 mpaka 160 zinahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Basi nguvu ya kila betri iandikwe kwenye ukurasa wake.

Mipaka ya programu

Programu haina macho. Inajua tu yale iliyoambiwa. Mkubwa wa kazi akichukua lenzi bila kuandika, kesho kila mtu atafanya vile, na daftari litakuwa uongo. Kwa hiyo achaguliwe mtu mmoja wa ghala, na sheria iwe moja kwa wote: hakuna kinachotoka bila kusomwa, hakuna kinachorudi bila kukaguliwa. Mahali umeme na intaneti vinakatika, orodha ichapishwe kwenye karatasi kila juma.

Wenye vyombo vichache waanze na jedwali la kawaida na vibandiko vya namba. Faida ya kwanza ni ile ile: kitu kikikosekana, tunasoma daftari kabla ya kutaja jina la mtu.