Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kumbukumbu ya Daktari Adrian Atiman wa Karema



Wahenga wetu walituachia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mara nyingi tunaitamka kwa kicheko, pale mgeni anapobisha hodi, jogoo akachinjwa, na wenye nyumba wakapata kitoweo ambacho siku hiyo hawakukitazamia. Juma hili napenda tuitafakari methali hiyo katika maana iliyo nzito zaidi, kwa kumkumbuka mgeni aliyefika kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, na ambaye kwa mikono yake wenyeji walipona kweli kweli. Mgeni huyo ni Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema.

Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyetekwa utumwani, akafariki Italia mwaka 1947, na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Tunafanya vema kumheshimu. Lakini yuko Mwafrika mwingine wa zama zake, aliyeuzwa akiwa mtoto kama yeye, na ambaye alitumia maisha yake katika ardhi hii ya Tanzania akihudumia babu na bibi zetu. Huyu hatumtaji sana. Ndiyo maana nimeona inafaa kuisimulia habari yake.

MTOTO ALIYEUZWA

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa Jangwa la Sahara mpaka Algeria. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuufikiria utumwa kwa sura ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, yaani misafara iliyoteremka kutoka maziwa makuu hadi pwani. Tukumbuke kwamba upande wa magharibi wa bara letu nao ulikuwa na njia zake za machozi, na mojawapo ilikuwa hiyo ya jangwani.

Huko Algeria, katika miaka ya 1870, alikombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, na wazee wetu waliwaita wanashirika wake Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Wamisionari hao walimlisha mtoto, wakamsomesha, naye baadaye akabatizwa.

Ndugu zangu, hapa historia inatudai tuseme ukweli wote. Mtoto huyo hakurudishwa kwa mama yake. Njia yake ya maisha ilipangwa na watu wengine, kwa nia njema, bila wazazi wake kuulizwa. Tena tunajua kwamba wapo Wakristo wengi, kwa karne nyingi, waliofanya biashara hiyo hiyo ya kuuza binadamu. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipotembelea kisiwa cha Gorée, Senegal, mwezi Februari mwaka 1992, aliomba msamaha kwa ajili ya dhambi hiyo. Basi tunaposimulia habari ya Atiman, tusiisimulie kana kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Kuna mama mmoja kando ya Mto Niger ambaye mwanawe alipotea.

SHULE YA MALTA

Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882, alikuwa na wazo ambalo kwa wakati wake lilikuwa geni. Aliamini kwamba Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe, na kwamba mgeni kutoka Ulaya kazi yake ni kuanzisha tu. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, ambako vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani walisomeshwa utabibu pamoja na mafundisho ya dini, wakahudhuria masomo katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa mmoja wao.

Kwa nini utabibu? Kwa sababu Kardinali alitambua kwamba mgonjwa hafungi mlango. Chifu anaweza kumkataa mhubiri, lakini mtoto wa chifu akiwaka homa, tabibu ataitwa hata usiku wa manane. Na kwa nini wasiwe mapadre? Kwa sababu alitaka watu watakaooa, watakaojenga nyumba miongoni mwa wenyeji, watakaopika na kula kama wenyeji, wasijione wageni na wala wasionekane wageni. Alikataza wasigeuzwe kuwa Wazungu weusi wa kutamani meza na mavazi ya Ulaya, maana aliona kwamba kijana wa namna hiyo hatakaa kijijini.

Mpango huo wote haukudumu. Chuo cha Malta kilifungwa mwaka 1896, na idadi ya waliohitimu ilikuwa ndogo mno kuliko matumaini ya mwanzo. Mtu akiangalia hesabu tu angeweza kusema kwamba mradi ulishindikana. Lakini mmoja wa wale wachache alikuwa tayari amefika Karema, na alikuwa bado na safari ndefu mbele yake.

NJIA ILE ILE, KWA KUELEKEA UPANDE WA PILI

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa pekee. Mwezi Mei, Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazil juu ya kukomeshwa kwa utumwa. Mwezi Julai, Kardinali Lavigerie alianza kuzunguka miji mikuu ya Ulaya, akahubiri Paris na London dhidi ya biashara ya watumwa barani Afrika. Mwaka huo huo kijana Atiman, aliyekuwa na miaka ipatayo ishirini na miwili, alipanda meli kuja Afrika Mashariki, kisha akaanza safari ya bara pamoja na msafara wa wamisionari.

Hebu tutafakari kidogo jambo hili. Misafara iliyokwenda ziwani katika miaka hiyo ilitembea kwa miguu kwa miezi, ikipita katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilikuwa bado inaipita kuelekea pwani. Mtu aliyewahi kutembezwa jangwani kama mali ya wengine sasa alikuwa akitembea tena, huru, amebeba dawa, akielekea mahali ambako watu walikuwa wakitoka wamefungwa minyororo. Wengine tungemwelewa kabisa kama angesema, "Nimeteseka vya kutosha, niacheni nipumzike." Yeye alikwenda.

Karema, katika mkoa ambao leo ni Katavi, ilikuwa na ngome iliyojengwa mwaka 1879 na Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, ikawa misioni. Watu waliokimbia watekaji na waliokombolewa utumwani walikaa humo na kuizunguka. Hao ndio waliokuwa wagonjwa wa kwanza wa Daktari Atiman. Ni wazi kwamba mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa jeraha la mnyororo ni nini.

MIAKA SITINI NA SABA

Atiman alikaa Karema tangu mwaka 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka hiyo ni sitini na saba. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa Wabende, watu wa pande hizo, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Aliishi chini ya Wajerumani, akaishi chini ya Waingereza, akaondoka duniani miaka mitano tu kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Maaskofu walibadilika, mapadre walihamishwa, bendera zilishushwa na nyingine kupandishwa, naye alikuwa bado yupo, akitibu asubuhi na kufundisha dini.

Tuikumbuke pia hali ya afya ya siku zile. Dawa za kuua vijidudu mwilini, ambazo leo tunazinunua dukani pasipo kufikiri, hazikuwapo katika miongo ya kwanza ya kazi yake. Ndui ilikuwa inaua. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale ilienea katika mwambao wa Ziwa Tanganyika na kuviacha vijiji vikiwa mahame. Tabibu wa mahali kama Karema alikuwa na vifaa vichache, na kutoka pwani dawa zilichukua muda mrefu kufika. Kilichobaki kikiwa kingi ni uwepo wake mwenyewe.

Mwaka 1946, alipokuwa mzee wa takriban miaka themanini, habari ya maisha yake aliyoisimulia mwenyewe ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baadaye, mwaka 1964, Padre Roger Fouquer alichapisha kitabu juu yake kwa Kifaransa. Na mjini Sumbawanga hospitali ya Kanisa inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo hakusahauliwa na wote. Lakini nadhani wako wengi wanaoingia katika hospitali hiyo na karatasi zao mkononi, wasijue kwamba jina lililo mlangoni ni la mtoto aliyeuzwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tunajifunza kwamba aliyepokea bure anadaiwa kutoa bure, kama Bwana wetu alivyowaagiza mitume. Atiman alipata kujua bei yake kwa hesabu ya wanadamu: wapo waliomuuza, na wapo waliotoa fedha ili awe huru. Mtu aliyethaminiwa kwa fedha namna hiyo angeweza kuwa mchungu, akahesabu kila senti anayodai ulimwengu. Yeye alichagua kuwatibu watu ambao hakuzaliwa nao, wa lugha ambayo hakuinyonya kwa mama yake.

Pili, tunajifunza thamani ya kukaa. Msamaria wa Injili alisimama, akafunga majeraha, akalipa nyumba ya wageni, na tena akaahidi kurudi. Sisi tunajua sana kusimama mara moja. Tunachanga siku ya kwanza mgonjwa anapolazwa, tunachanga zaidi siku ya msiba. Kati ya siku hizo mbili, mgonjwa wa kisukari, mzee aliyepooza, au mama mwenye saratani anabaki na binti yake mmoja ambaye ameacha shule ili amwogeshe. Hapo ndipo tunapotakiwa kuwa.

Tatu, tunajifunza kuwa huduma ya afya ni jukumu letu wenyewe. Kanisa hapa Tanzania lina historia ndefu katika jambo hili. Tukizitaja Peramiho, Ndanda na Bugando, kila mmoja anaelewa. Lakini tumezoea kuisimulia historia hiyo kana kwamba daima mtoaji alitoka Ulaya na mpokeaji alikuwa Mwafrika. Karema inatukumbusha kwamba mmoja wa matabibu wa kwanza wa misioni zetu alikuwa Mwafrika, aliyeishi katika nyumba miongoni mwetu na kuoa kwetu.

Jambo hili lina uzito leo. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mingi ya nje, vituo vingi vya afya barani Afrika vilitikisika, na wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walishikwa na hofu. Tuwashukuru kwa dhati wote waliotusaidia kwa miaka mingi, maana wamewaokoa watu. Lakini nyumba inayosimama kwa nguzo ya jirani inaanguka siku jirani anapohitaji nguzo yake.

Basi naziomba jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo zifanye mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kila jumuiya iwe na orodha ya wagonjwa wake wa muda mrefu, na zamu ya kuwatembelea ambayo haiishii mwezi wa kwanza. Kila jumuiya itafute angalau mjane au mzee mmoja asiyejiweza, imchangie bima ya afya. Na wazazi wenye vijana wanaosomea uuguzi na utabibu wasiwafundishe kwamba kufaulu ni kuhama kijijini. Anayetaka kwenda mjini aende kwa amani, lakini atakayechagua kubaki asionekane kwamba ameshindwa maisha. Daktari Atiman alisoma ng'ambo, akaishi Karema.

Tumwombee mzee wetu huyu pumziko la milele. Tumwombee pia mama yake, ambaye jina lake hatulisomi katika vitabu, ili kwa Mungu apewe kumwona mwanawe na wote ambao mwanawe aliwaponya.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu awabariki wagonjwa wetu, na wale wanaokesha kando ya vitanda vyao.

Tumsifu Yesu Kristu!