Kutoka Protini hadi Nishati: Historia ya Maelezo ya Unyafuzi Barani Afrika, 1933–2013

Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyetumikia idara ya tiba ya kikoloni katika Pwani ya Dhahabu (Ghana ya leo), alichapisha maelezo ya ugonjwa aliouona kwa watoto wa Accra wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na minne. Watoto hao walivimba mikono na miguu, ngozi ikabanduka, nywele zikapauka, na wasipotibiwa walikufa upesi. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Mwaka 1935, katika jarida la The Lancet, aliuita ugonjwa huo kwa jina lililotumiwa na akina mama wenyewe: kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga linalotaja maradhi ya mtoto aliyepokwa nafasi yake na mdogo wake. Kiswahili huuita unyafuzi.

Jina hilo lilikuwa nadharia kamili. Lilieleza kwamba mtoto huugua kwa sababu mama ameshika mimba au amejifungua tena, ziwa limekatwa, na uangalizi umehamia kwa mwingine. Waganda walikuwa na dhana ya karibu, obwosi, iliyouhusisha ugonjwa wa mtoto anyonyaye na mimba mpya ya mama yake. Hata dhana ya kubemenda mtoto, ijulikanayo sana Tanzania, pamoja na lawama nzito inayowatwika wazazi, inakiri kwamba afya ya mtoto haitenganishwi na mpangilio wa uzazi na unyonyeshaji. Sayansi ya tiba ilichukua jina la Kiga, ikaacha sehemu kubwa ya maana yake.

Pingamizi la kwanza lilihusu iwapo ugonjwa ulikuwa mpya. Hugh Stannus, mtaalamu wa magonjwa ya tropiki, alishikilia kwamba ulikuwa pelagra, yaani upungufu wa vitamini, na nchini Uganda Hugh Trowell naye kwa miaka kadhaa aliuona kuwa pelagra ya watoto. Williams alikataa. Mabishano hayo yalichelewesha makubaliano kwa zaidi ya mwongo mmoja. Yalipokwisha, wataalamu walihamia upande wa pili kwa kishindo. Baada ya J. F. Brock na M. Autret kuzunguka nchi nyingi za Afrika, ripoti yao ya 1952, iliyotolewa na mashirika ya FAO na WHO, iliutambulisha unyafuzi kama tatizo kubwa la bara zima lenye kiini katika upungufu wa protini. Kitabu cha Trowell, Davies na Dean kilifuata mwaka 1954.

Hoja yao haikuwa dhaifu. Ini hutengeneza albumini kutokana na protini, na albumini husaidia kuyazuia maji yasivuje kutoka katika mishipa ya damu. Ikipungua, uvimbe unaeleweka. Ini hilohilo huhitaji protini ili kusafirisha mafuta kwenda sehemu nyingine za mwili, na ini la mtoto mwenye unyafuzi hukutwa limejaa mafuta. Ndizi na mhogo, vyakula vikuu vya maeneo mengi yaliyoathirika, vina protini kidogo sana. Kutokana na hoja hiyo yalifuata maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, ambayo Marekani ilikuwa na ziada yake, na mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ukapata kamati maalumu ya ushauri kuhusu protini.

Kilichosahauliwa ni utaratibu wa mwili katika kukitumia chakula. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takriban kilokalori 4, na ya mafuta 9. Nishati isipotosha, mwili huiunguza protini iliyoliwa, na hata ile ya misuli, badala ya kuitumia kujenga. Mtoto mwenye njaa anayepewa protini bila nishati ya kutosha hupewa kuni ghali. Nchini India, mwaka 1968, C. Gopalan alionyesha kwamba watoto walioishia kupata unyafuzi na wale waliopata nyongea hawakutofautiana katika mlo. Ripoti ya FAO na WHO ya 1973 ilishusha makadirio ya mahitaji ya protini, na mwaka uliofuata Donald McLaren, katika The Lancet, aliishambulia sera nzima ya protini kuwa ni fedheha. Lugha yake ilikuwa kali, lakini haikuwa bila haki: fedha na muda vilikwisha kutumika.

Wakati nadharia ikibomoka, kazi yenye manufaa zaidi ilifanyika jikoni. Kituo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1965, kiliwafundisha akina mama kupika kitobero, mchanganyiko wa chakula kikuu na maharage, karanga au kitoweo kingine. Tanzania ilikabili tatizo jingine, la ujazo. Uji mzito humshibisha mtoto kabla hajapata nishati ya kutosha, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi ni maji matupu. Watafiti Mosha na Svanberg walieleza mwaka 1983 jinsi kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa, kinavyoulainisha uji mzito, kwa sababu vimeng'enya vyake huvunja wanga. Unga mwingi zaidi ukaweza kuingia katika bakuli lilelile. Maarifa ya kuotesha nafaka yalikuwemo tangu zamani miongoni mwa wapika pombe.

Hospitalini mgeuko ulikuwa mkubwa zaidi. Mwongozo wa WHO wa 1999 unaelekeza kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali aanzishiwe maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 na protini isiyofika gramu 1 katika mililita 100, kwa kuwa ini na figo zake haziwezi kustahimili zaidi. Protini huongezwa baadaye, katika F-100. Hata antibiotiki hutolewa mapema. Mwaka 2013 utafiti wa mapacha wa Malawi, ambao mmoja aliugua unyafuzi na mwenzake, aliyeishi naye nyumba moja, hakuugua, ulielekeza macho kwenye bakteria wa utumbo.